Kompyuta ya Kiingereza na mtoto wa mkulima wa korosho Kibiti

MWANAFUNZI anayetoka visiwa vya delta ya Mto Rufiji, tuseme Maparoni au Kiongoroni, huanza safari ya kwenda kuifahamu kompyuta akiwa ndani ya mashua. Anasubiri maji yajae, anashuka Nyamisati, kisha anatafuta usafiri wa kumfikisha Kibiti mjini, kwenye umeme wa uhakika zaidi, steshenari na shule kubwa za sekondari.

Nyumbani kwao wanazungumza Kiswahili. Bibi yake huenda bado anazungumza Kindengereko. Shule ya msingi amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya mengi. Akiingia kidato cha kwanza, karibu kila kitu kinageuka kuwa Kiingereza. Vitabu vinakiita lugha ya pili, lakini kwa watoto wengi wa Rufiji Kiingereza ni lugha ya tatu.

Hapo ndipo anapokutana na kompyuta. Maandishi ya kwenye skrini ni ya Kiingereza, mwalimu anatakiwa kufundisha kwa Kiingereza, na mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) katika somo hilo nao ni wa Kiingereza. Mtoto anafundishwa vitu viwili vigumu kwa wakati mmoja, na kila kimoja kinamtaka awe tayari anakijua kingine.

Mzazi anaweza kusema hayo ni mambo ya walimu. Laiti ingekuwa hivyo. Msimu wa korosho ukifika, mzazi huyo huyo ndiye atakayesimama mbele ya dirisha la chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), akimsubiri kijana anayebonyeza kompyuta amwambie malipo yake ni kiasi gani.

Korosho nazo zimeingia kwenye kompyuta

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, mkulima alihitaji kujua kusoma mizani na kutunza karatasi. Sasa anahitaji zaidi ya hapo. Msimu wa 2024/25 minada ya korosho iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na katika mnada wa kwanza mkoani Mtwara, Oktoba 2024, bei ilivuka Sh4,000 kwa kilo. Vyama vya ushirika navyo vina mfumo wao wa kompyuta, maarufu kwa jina la MUVU, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku au salfa ya mikorosho lazima jina lake liwemo kwenye orodha ya waliosajiliwa, na orodha hiyo haipo tena kwenye daftari la mtendaji wa kijiji peke yake.

Mfanyabiashara mdogo naye hajasalimika. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao tangu mwaka 2018. Leseni inaombwa kupitia mfumo wa Tausi. Kikundi cha akina mama au vijana kinachotaka zabuni ya halmashauri kinatakiwa kuingia kwenye mfumo wa NeST, ulioanza mwaka 2023. Anayeshindwa kufanya mwenyewe anakwenda steshenari, analipa, na siku akisahau neno la siri analipa tena.

Chukua hesabu hii, ambayo bei zake ni za mfano tu. Mkulima amepeleka ghalani kilo 640 za korosho. Bei ya mnada ni Sh3,200 kwa kilo, na makato yote kwa pamoja ni Sh240 kwa kilo. Anastahili kupokea Sh1,894,400. Karani akichapa 460 badala ya 640, yaani tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, malipo yanashuka hadi Sh1,361,600. Hapo Sh532,800 zimepotea na hakuna aliyeiba.

Karani anayejua kazi yake ataweka mstari wa jumla chini ya jedwali, aulinganishe na uzito uliosomwa ghalani, na pengo la kilo 180 litajionyesha kabla fedha hazijakwenda benki. Karani asiyejua atangoja mkulima aje kulalamika, na wakulima wengine hawalalamiki kwa sababu hawana namna ya kuikagua hesabu yenyewe. Je, karani wa aina ya kwanza atatoka wapi kama si katika watoto wa Kibiti hiyo hiyo waliomaliza kidato cha nne?

Maneno ubaoni

Tatizo huanzia kwenye namna somo lenyewe linavyofundishwa pale ambapo kompyuta ni chache au hazipo. Mwalimu anaandika ubaoni maana ya kompyuta, aina za kompyuta na sehemu zake. Wanafunzi wananakili. Wanakariri kwa Kiingereza kwamba kifaa hiki ni cha kuingizia taarifa na kile ni cha kutolea, na mtihani ukija wanayaandika kama walivyoyakariri. Inawezekana kabisa mtoto akafaulu bila kujua namna ya kuwasha mashine.

Hata kompyuta zikiwepo, maneno yanabaki kuwa kikwazo cha aina yake. Mtoto wa mkulima amefundishwa tangu shule ya msingi kwamba "field" ni shamba au uwanja. Kwenye kompyuta anaambiwa ni sehemu ya kujaza jina au tarehe. "Table" alijua ni meza, sasa ni jedwali. "Cell" ameikuta kwenye baiolojia wiki iliyopita, na leo ni kijumba cha kuandikia namba. "Run" si kukimbia tena, wala "paste" si dawa ya meno. Aliyezaliwa na Kiingereza huona ni maneno yale yale yaliyopewa kazi mpya. Kwa mwanafunzi ambaye maana ya kwanza yenyewe aliipata kwa shida, ya pili inamchanganya kabisa, naye anaona aibu kuuliza.

Kuna shule ambazo kibao kinachowataka wanafunzi wazungumze Kiingereza pekee kimesimama tangu getini. Matokeo yake yanafahamika kwa kila aliyepita sekondari ya Tanzania, nayo ni darasa la kimya. Mwalimu mwenye huruma hufunga mlango na kueleza kwa Kiswahili, kama mtu anayefanya kosa.

Haya si mapya. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985, na Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania na kukadiria kwamba ni kama asilimia 10 tu ya waliokuwa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetegemea masomo ya Kiingereza ndiyo kwanza yaanze. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa utafiti wa LOITASA, uliowashirikisha wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Oslo, ulilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa lugha hizi mbili. Waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umerudisha somo la Kiingereza darasa la kwanza badala ya la tatu. Huenda ukasaidia. Lakini watoto walioanza nao hawatafika sekondari kabla ya mwaka 2030, na makarani wa AMCOS wanahitajika msimu huu.

Mama muuza dagaa na menyu ya simu

Wapo wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya kompyuta. Waende Nyamisati asubuhi, boti zikishusha mzigo. Mama muuza dagaa aliyeishia darasa la saba anabonyeza *150*00#, anafuata menyu, anatuma fedha kwa mwenye mashua, anasoma ujumbe wa uthibitisho na kuangalia salio. Hakuhudhuria kozi. Hakupewa cheti.

Huduma ya M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilikuja na menyu ya Kiswahili, na huduma za makampuni mengine ya simu zikafanya vivyo hivyo. Maneno kama "weka namba ya kampuni" na "thibitisha" yameingia mitaani bila kamati yoyote. Kazi anayoifanya mama huyu, ya kuchagua kwenye orodha, kujaza nafasi, kuhakiki na kutunza namba ya siri, ndiyo hiyo hiyo inayofundishwa darasani kwa Kiingereza na kuonekana ngumu. Kilichomrahisishia ni kuelewa alichoulizwa, pamoja na ukweli kwamba fedha zilikuwa zake.

Na si kwenye simu tu. Mwishoni mwa 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa, tena za bure. Microsoft ikafuata mwaka 2005 na Kiswahili chake kwa ajili ya Office. Kwa nchi ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya jaribio la kuzitumia kwenye hesabu za Hazina kuishia kwa hasara, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Hata hivyo programu hizo hazikuenea mashuleni. Sababu si ngumu kuziona. Mtihani ulibaki wa Kiingereza, walimu walisomea kwa Kiingereza, na kompyuta za msaada zilifika zikiwa na Kiingereza ndani. Wataalamu nao walipoteza muda kubishana kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, mjadala ambao mkulima wa korosho hakuuomba.

Kuanzia kwenye hesabu ya kaa

Ikumbukwe kuwa Kiingereza hakiwezi kuachwa. Kijana wa Kibiti atakikuta kwenye mtihani, kwenye usaili wa kazi, na kwenye nyaraka za mnunuzi anayepeleka kaa hai China. Swali la kiuchumi ni la mpangilio, yaani kipi kitangulie ili fedha na muda wa mzazi visipotee.

Mpangilio wenye faida ni kumpa mtoto kazi anayoielewa, kwa lugha anayoielewa, kisha kumpa majina ya Kiingereza ya vitu ambavyo ameshavishika. Mwalimu anaweza kuanza na biashara ya kaa, ambayo kila mtoto wa delta anaifahamu kuliko mwalimu mwenyewe. Mnunuzi amepokea kaa wakubwa kilo 12, wa kati kilo 20 na wadogo kilo 7, kila daraja kwa bei yake. Darasa linafanya hesabu hiyo kwanza kwenye daftari, kwa Kiswahili. Halafu wanaihamishia kwenye Excel. Safu ya kwanza ni daraja, ya pili kilo, ya tatu bei, ya nne malipo.

Hapo mwanafunzi anagundua jambo la kumfurahisha. Akiandika =B2*C2 kompyuta inajibu, na alama ya sawasawa haina lugha. Akibadilisha bei moja, malipo yanabadilika yenyewe. Sasa ndipo mwalimu anapotaja kwamba kijumba hiki kwa Kiingereza kinaitwa "cell", safu ni "column" na jedwali ni "table". Neno linapata mahali pa kukaa. Kwa mpango huo maneno kama 60 yanatosha kumwezesha mtoto kufanya kazi nyingi za ofisi ndogo, na maneno 60 ni mzigo wa muhula mmoja hata kwa mwanafunzi wa kawaida.

Kuchapa nako kuanze kwa Kiswahili. Mtoto anayechapa Kiingereza asichokielewa hunakili herufi moja moja huku macho yakihama kati ya karatasi na kibodi. Akichapa barua ya Kiswahili kwa mjomba wake, maneno yanatoka kichwani na vidole vinajifunza mahali pa herufi. Baadaye aandike barua fupi ya Kiingereza kwa mnunuzi wa ufuta. Mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa utamsahihisha bila kumcheka, na kwa mwanafunzi mwenye haya huyo ni mwalimu mzuri wa Kiingereza. Kwa njia hii kompyuta inamlipa mara mbili. Lakini programu za tafsiri zitumike kwa tahadhari. Google ina Kiswahili kwenye huduma yake ya tafsiri tangu mwaka 2009, nayo husaidia sana, ila mtoto anayebandika jibu zima bila kulisoma hajifunzi lugha wala kompyuta.

Rufiji yenyewe ina historia ya taarifa za kompyuta kufanya kazi. Kuanzia mwaka 1998, kabla Kibiti haijawa wilaya, wadodosaji wa mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu, wenye kituo chao Ikwiriri, walipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Maswali yaliulizwa kwa Kiswahili, majibu yakaingizwa kwenye kompyuta. Chini ya mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya kwa msaada wa shirika la IDRC la Canada, takwimu hizo zilirudi kwa viongozi wa afya wa wilaya zikiwa michoro rahisi, inayoonyesha magonjwa yanayoua zaidi upande mmoja na fedha zinakokwenda upande wa pili. Bajeti zikaanza kufuata magonjwa, na vifo vya watoto wadogo vikapungua sana katika miaka iliyofuata. Waliozaa takwimu hizo ni wananchi waliojibu maswali mlangoni kwao, kwa lugha yao.

Umeme, chumvi na msimu wa mpunga

Kwa shule za visiwani kuna matatizo ambayo lugha haiwezi kuyatatua. Ni kejeli kidogo kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa kwenye mto huu huu, wakati vijiji vya delta mwishoni mwa mto vinategemea zaidi sola. Kompyuta ya mezani hula umeme mwingi. Kwa shule yenye sola ndogo, kompyuta mpakato ni chaguo bora kwa kuwa hutumia umeme mdogo na ina betri yake. Upepo wa chumvi na unyevunyevu navyo huharibu vifaa, hivyo vifunikwe na viwashwe mara kwa mara badala ya kufungiwa stoo vikisubiri mgeni rasmi.

Wanafunzi watatu kwa kompyuta moja si janga, alimradi wabadilishane kila baada ya dakika chache na anayesubiri awe anamwelekeza mwenzake kwa mdomo. Kueleza hatua kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili na baadaye kwa Kiingereza, ni zoezi la lugha lenyewe.

Msimu nao una usemi wake. Familia zinapohamia mabondeni kulinda mpunga, watoto hulala kwenye madungu pamoja na wazazi wao na kukosa vipindi. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, yalikatisha masomo pamoja na kubeba mazao. Ratiba ya somo la vitendo isiyojali kalenda ya mto itawaacha nje watoto wale wale wanaolihitaji.

Kabla ya kulipia kozi

Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa Januari 2016, lakini kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, iwe Kibiti, Ikwiriri au Mbagala, ni fedha ya mfukoni mwa mzazi. Wengi huilipa mtoto akimaliza kidato cha nne, mara nyingi kwa fedha za korosho au ufuta. Cheti karibu kila mahali kinaorodhesha programu zile zile, kwa hiyo orodha hiyo haimwambii mzazi lolote.

Aulize mambo mengine. Mtoto atakaa mbele ya kompyuta saa ngapi kwa wiki, na kila kompyuta itatumiwa na wangapi? Mwalimu anaruhusu maswali kwa Kiswahili? Mwisho wa mwezi wa kwanza mwanafunzi anaweza kutengeneza nini kwa mkono wake? Chuo kikijibu kwa kuonyesha vitabu vya nukuu tu, mzazi afunge pochi aendelee kutafuta. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ikwiriri ni mahali pengine pa kuulizia. Vyuo vya aina hiyo, vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970, hufundisha watu wazima na vijana kwa Kiswahili, jambo ambalo baadhi ya wazazi huliona ni upungufu.

Jaribio la bei nafuu lipo nyumbani. Mpe kijana aliyerudi na cheti stakabadhi tatu za korosho za msimu uliopita na laini ya intaneti ya simu. Mwambie atengeneze jedwali la kilo, bei, makato na malipo, kisha akueleze kwa Kiswahili kila safu ina nini, na kwa Kiingereza inaitwaje.

Vyama vya msingi navyo vinaweza kufanya jambo bila kusubiri mradi. Likizo ya Desemba huangukia katikati ya msimu wa korosho, wakati ambapo ofisi za AMCOS zimejaa karatasi na karani hana wa kumsaidia. Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu, wakikaa wiki tatu pembeni yake wakisoma namba kwa sauti naye akichapa, kisha wakibadilishana, watakuwa wamehakiki kila stakabadhi mara mbili. Posho yao haitafika Sh532,800.